Sakafu ya Lori la Babu Yako

Mjukuu wangu Kemunto,

Huku Nyacheki tu wazima. Majani chai yanachumwa, na mama yako anakusalimu; goti lake limepata nafuu.

Umeniuliza kwa nini nilipopanda gari lako niliinua zulia kwanza, kabla hata ya kukupongeza. Ni woga, mjukuu wangu.

Miaka ya sitini babu yako alikuwa na lori kuukuu la kubebea ndizi. Sakafu ya mbele ilitobolewa na kutu, na mvua ikinyesha, maji ya barabarani yaliturukia miguuni. Akaiziba vile tunavyokandika ghala la wimbi: samadi na majivu, kisha lami, na zulia juu. Tukakaa wakavu, tukamsifu. Hatukujua kwamba samadi ilikuwa inanyonya maji yaliyovuja mlangoni na kuyashikilia palepale juu ya chuma.

Siku moja, tukishuka mteremko wa kwenda Suneka kwenye mvua, nilitaka kumlaza mtoto wetu mchanga sakafuni kama kawaida. Nikatupa shuka chini kwanza, nikaikanyaga ili ilale vizuri. Mguu ukazama. Shuka, zulia na lami vikaenda pamoja, na barabara nikaiona ikikimbia chini yangu.

"Simamisha!"

Babu yako alisimamisha, lakini hakuthubutu kugeuka. Alishika usukani akitazama mbele, akauliza polepole, "Mtoto yuko wapi?"

Nilikuwa nimembana kifuani hadi analia.

Kwa hiyo ukija Desemba, niache niinue zulia tena. Mtoto yule ndiye anayekusalimu hapo juu.

Nyanya yako,
Bosibori