Sungura ya Nasike na Ukuta ya Simel

Plot ya Simel,
Nyuma ya soko,
Kitengela.

14 Agosti 2004

Mpendwa mtoto wangu Jentrix,

Habari ya huko Saudia? Mwili iko sawa? Wanakupatia chakula ya kushiba ama ni kupima na kijiko? Sisi tunapumua. Magoti inaniuma juu ya huu upepo wa huku, unaujua, hakuna miti ya kuuzuia. Nasike wako ni mzima, amemea meno ya mbele. Anayeandika ni Wanjira wa mlango ya pili, mimi naongea yeye anafuata. Nimemwambia asirekebishe.

Barua anakuletea Jimale, ndugu ya Nafiso mwenye duka, anasafiri Alhamisi. Huyo Nafiso ni mtu. Juzi alinipatia maziwa ya ngamia, nikakunywa nikaharisha, lakini wacha, nitapotea.

Maneno ni ya sungura. Vile ulienda, Nasike alikataa chakula mpaka nikaogopa. Mwalimu wake akamletea sungura, ndogo kama ngumi, akaiita Joram. Siku hiyo mtoto alikula ugali. Nikasema ikae, sungura ni kitu gani? Sikujua.

Jentrix, hiyo kitu haichagui. Imekula miguu ya kiti. Imekula ile sandali yangu uliniletea Krismasi, nabaki na ya kushoto. Imekula waya ya antena ya landlord, na plot yote ilikuwa kwake inaangalia mpira. Simel alitoka akigomba kwa Kimasai na Kiswahili pamoja. Yeye huniita koko, hiyo ni nyanya kwa lugha yao. Akasema, "Koko, ng'ombe zangu zote hazijawahi kuniharibia kitu kama hii panya yako!" Nasike akamjibu, "Si panya, ni Joram." Watu wakacheka. Yeye hakucheka.

Sasa kuchimba, kila siku kwa kona ya nyumba. Mimi nilifikiri inatafuta njia ya kurudi kwa mwenyewe, kama kuku mgeni. Unakumbuka nyumbani Bungoma, kuku ya kupewa tunaifunga mguu na kamba mpaka izoee boma? Nikafunga Joram hivyo hivyo kwa kitanda. Ikakula kamba. Nikaleta kamba ya katani. Ikakula hiyo, halafu ikaanza kitanda. Nikakandika kona na mavi ya ng'ombe na jivu, nikaweka jiwe juu. Ikaanza kando ya jiwe. Ikapita chini ya ukuta mpaka ikatokea chini ya kitanda ya Wanjira, akapiga nduru akidhani ni nyoka. Hapa amesimamisha kalamu, anasema hakupiga nduru. Alipiga. Andika.

Na huu udongo mweusi wa Kitengela si wa kuchezea, jua likiwaka unapasuka, mvua ikinyesha unavimba. Ukuta imetoa ufa. Simel aliingiza kidole ndani nikimwona.

Nafiso ndiye aliniambia, "Mama, huyo hana wazimu, hana kazi tu." Akanipatia katoni za duka iwe inatafuna. Nikafikiria ile gunia yangu ya udongo iko kwa mlango, ile nilipanda mboga zetu, saka na murenda, juu Simel hataki mtu alime hapa. Nilikaa nikaiangalia. Mimi nimeshika jembe tangu nikiwa msichana, na shamba yangu yote sasa ni hiyo gunia. Nikailaza chini, nikaikata upande, nikaambia Joram shika. Iling'oa mboga yote. Ilichimba mpaka ikalala ndani, imechoka kama mtu ametoka shamba. Tangu hapo ukuta haijagusa. Nikafurahi, nikaita Simel aone.

Aliona. Akasema imechelewa, fundi ameshasema huo upande ubomolewe ujengwe tena. Mnyama itoke kabla mwezi iishe, ama tutoke sisi wote. Nami nimpeleke Nasike wapi? Shule iko hapa. Ndugu yako Wangila nimemtumia watu, hajibu. Wa kuichukua nimepata mmoja tu, Kisemei wa Kiserian, na yeye sungura zake zinaenda hoteli. Unaelewa.

Mtoto hajui. Kila jioni anairarulia katoni, anaiambia, mama akirudi hatakujua vile umekuwa mkubwa. Mimi natoka nje.

Nimechoka, Jentrix. Naomba kitu moja. Piga simu kwa duka ya Nafiso kabla mwezi iishe, uite Nasike, umwambie wewe. Ile asubuhi uliondoka akiwa bado amelala, aliamka akanikuta mimi, mimi ndiye nilimwambia umeenda. Hakulia. Alienda akaangalia chini ya kitanda kama uko. Siwezi kumwambia hivyo tena.

Nafiso anakusalimia, na Wanjira anakusalimia na mkono yake inauma. Wasalimie wale wasichana wetu mnakaa nao. Mungu akufunike mahali mkono yangu haifiki, hao watu wakuangalie na macho ya huruma.

Nasike ametoka kucheza saa hii, amesikia ni barua yako, amekuja hapa mbio. Anasema niweke kwamba Joram pia anakusalimia.

Ni mimi akupendaye, niliyekuzaa,
Mama yako