Nani Alimwambia Anitha

Makutupora,
Dodoma.
7 Septemba 2025

Mpendwa mdogo wangu Joshua,

Mbukwa. Habari za huko Bergen, na hiyo baridi inakutendaje? Mama anauliza kama kifua bado kinakubana ukilala chali, na kama ugali unaupata au umeshausahau. Mimi ni mzima wa kadiri. Mgongo unauma, magoti yanauma, kazi zinaendelea. Shemeji yako Ernest hajambo, ila siku hizi anasinzia hata akiwa katikati ya mazungumzo, na ukimwamsha anakataa kwamba alikuwa amelala.

Nakuandikia kwenye karatasi kwa amri ya Mama. Anasema simu unaikata yakianza maneno usiyoyapenda, lakini barua huwezi kuikata. Nitampa Hashimu wa dukani. Binti yake anakuja kusoma huko kwenu, ataitia posta akifika.

Zabibu tumevuna. Mwaka huu zimekuwa ndogo ndogo, na wanunuzi waliokuja walizitazama kama mtu anayetazama kidonda. Malori ya mchanga ya kwenda Msalato yanatujaza vumbi mpaka ndani ya sufuria. Sina nguvu ya kueleza zaidi ya hapo.

Mama hali yake si nzuri, nisikufiche. Moyo umechoka, miguu inajaa maji, na kutoka kitandani mpaka mlangoni anapumzika mara mbili. Lakini ugonjwa wake haulalamikii. Anachokilalamikia ni Anitha.

Mwanao ana miaka ishirini na miwili sasa. Ulipoondoka alikuwa na minne. Alipozaliwa ulikataa abatizwe, ukasema dini mtu hufundishwa tu, kwa hiyo asifundishwe, aachwe mpaka akue aombe mwenyewe. Marehemu mkeo Restuta alilia, Mama akanyamaza, maana mtoto ni wako. Kisha ikaja ile homa ya uti wa mgongo, masikio yakaondoka. Shule ya viziwi ulisema utampeleka. Hukumpeleka, na sisi hatukuweza. Kwa hiyo agizo lako lilitimia kuliko ulivyotaka mwenyewe. Hakuna aliyewahi kumwambia habari za Mungu, kwa sababu hakuna anayeweza kumwambia. Tuna ishara za nyumbani tu, za maji, mbuzi, njaa, njoo, acha. Ishara ya Muumba hatuna.

Mama anataka abatizwe kabla yeye hajafa. Nilimwambia apumzike, ayaache. Akaniambia, "Zipora, nikifika huko nikaulizwa mjukuu wako umemwacha wapi, nitajibu nini?" Anayaogopa hayo kweli, Joshua. Kifo chenyewe hakiogopi.

Nikaenda kwa Mchungaji Bartolomayo. Akasema mtu mzima habatizwi mpaka apite darasa na akiri imani kwa kinywa chake. Nikamkumbusha kwamba Jumapili iliyotangulia alihubiri kila mtu huzaliwa akimjua Mungu, hata aliye porini. Akasema hayo ni mahubiri, na huu ni utaratibu. Akatuma wazee wa kanisa waje kumpima.

Walikuja watatu, Mzee Castory akiwa kiongozi. Castory alimwinamia Anitha sikioni akampigia kelele polepole, kama anayemwita mtu aliye ng'ambo ya korongo. Mtoto wa watu akajifuta mate shavuni, akatabasamu. Basi mzee akachukua kijiti, akachora msalaba mkubwa chini, akamwonyesha. Sasa Anitha alikuwa ametoka kufagia uwanja muda ule ule, na unajua mtu wa hapa akishafagia uwanja wake hapendi uchorwe. Akachukua ufagio akaufuta. Wazee wakatazamana. Nilijaribu kueleza, wakawa wameshasimama. Wakaenda kusema kwamba hajapokea imani.

Siku hiyo Mama hakula. Mimi nilikula kwa sababu kesho yake kulikuwa na kazi, lakini chakula hakikuwa na ladha.

Sasa nikueleze jambo ambalo nilikuwa silisemi. Mwezi wa tatu mbuzi wa Anitha, yule mweupe, alishindwa kuzaa. Tulihangaika naye kutwa nzima, mimi na mwanao, mikono yetu imejaa damu, mpaka nikamwonyesha kwa ishara kwamba tuache, amekufa. Anitha hakuacha. Mwishowe mtoto akatoka, akatikisa masikio, na mama yake akaanza kumlamba. Nilikaa chini hapo hapo, nimechoka.

Anitha alinawa mikono. Akaenda pembeni ya zizi, mahali ambapo hapana mtu, akapiga goti kidogo, akanyoosha mikono yote miwili viganja vikiwa juu. Alikaa hivyo kwa muda, kisha akairudisha mikono kifuani. Ni vile vile anavyopokea kitu kwa mkubwa. Niliinuka kuangalia ni nani amempa kitu. Kulikuwa na ua wa miiba na shamba la mtama, basi.

Nimeligeuza jambo hili kichwani miezi yote hii, na limenichosha. Kupokea kwa mikono miwili nilimfundisha mimi, kwa kumpiga vikofi kila alipopokea kwa mmoja. Hapo una haki, amefundishwa. Lakini anayempa pale zizini mimi sikumwonyesha. Au labda aliona kwa Mama. Unajua Mama mpaka leo kabla ya kupanda huweka maji kinywani akayapuliza upande wa mawio, alivyokuwa akifanya baba yake, ingawa mchungaji hapendi. Huenda mtoto alimwona akajiongezea mwenyewe. Huenda alikuja nalo tangu tumboni. Mchungaji ana jibu lake na wewe una lako, na nyote wawili mnasema kwa uhakika mno. Mimi ndiye niliyekuwa pale na sijui.

Nilimweleza mchungaji. Alifumba macho, mpaka nikadhani naye anasinzia kama Ernest. Kisha akasema, "Nitambatiza kama anavyobatizwa mtoto mchanga, mzazi akisimama kumjibia." Nikasema nitasimama mimi, nimemlea. Akasema hapana, baba yake yu hai.

Ndiyo hivyo. Imepangwa Jumapili ya pili ya Desemba. Najua utasema huwezi kusimama mbele za watu ukatamka usiyoyaamini. Najua pia utasema Anitha hajaomba, na ulisema aombe. Sina nguvu ya kubishana nawe, mdogo wangu. Nimebishana na mchungaji, nimebishana na wazee, usiku namgeuza Mama upande wa pili ili apumue. Ukiwaza kwamba maneno yale ni ya bure, basi yatamke kwa ajili ya mama yako, maana kwake si ya bure. Na ukishindwa hata hilo, njoo utuambie hapa uwanjani, ana kwa ana, kwamba umeshindwa. Nimekasirika, utanisamehe. Lakini sitaifuta sentensi hiyo.

Ernest anakusalimu, anasema ukija usilete koti, lile ulilomtumia halijapata siku ya kuvaliwa. Anjelina wa mama mdogo anakusalimu, amejifungua salama mtoto wa kike. Mama anakusalimu sana na anasema anakuombea, upende usipende.

Anitha. Nilikuwa naandika hapa nje, akaja akatazama karatasi. Kusoma hajui. Picha zako Mama alizifungia sandukuni kwa uchungu mwaka ule ule ulipoondoka, na simu yangu ni ya kitochi, hajawahi kukuona humo. Kukutaja mbele yake tuliacha zamani, kwa kuwa tulichoka kumwonyesha kwamba utakuja. Akanitazama usoni, akapitisha kidole juu ya nyusi yake ya kushoto, pale ulipo na kovu la kuanguka kwenye mkokoteni. Nilikuwa sijaiona ishara hiyo tangu akiwa mtoto mdogo. Nikaitikia kwa kichwa, kwamba ndiyo, namwandikia huyo. Nilimwonyesha hilo tu.

Akaingia kile chumba cha nyuma kilichokuwa chako, ambacho tunawekea magunia ya mtama. Ameanza kuyatoa nje, moja moja. Nimemwashiria aache, hakuna aliyesema unakuja. Ameniangalia kana kwamba mimi ndiye nisiyejua kitu, akarudi ndani. Mpaka naandika mstari huu bado anatoa magunia.

Mungu akutunze huko uliko, akuongoze njia.

Dada yako ambaye hajaacha kukupenda,

Zipora