Miti Yako ya Mukau Imelala Chini

Mpendwa Baba Wakesho,

Nimekaa hapa mezani tangu asubuhi na kalamu hii, na kila nikitaka kuanza mkono unagoma. Acha niseme mara moja. Miti yako imeanguka. Si mmoja, si miwili. Yote arobaini na mmoja. Ndovu waliingia shambani wakaivunja kama mabua ya mahindi, na mpaka leo, wiki ya sita, nikifungua mlango asubuhi moyo unashtuka upya kana kwamba ndiyo kwanza naona.

Sikuwepo. Nilikuwa Taveta kumzika shangazi yangu, yule aliyekuwa akikuita "mkwe wangu mrefu". Nililala kwao, na kesho yake mchana nikashuka hapo barabarani na mkoba wangu na ndizi nilizopewa, nikapanda njia ya nyumbani. Nilipofika langoni nikasimama. Nilidhani nimepotea. Naona nyumba yenye paa la buluu, naona nguo zimeanikwa, na sijui ni kwa nani. Kumbe ni kwa jirani yetu wa upande wa pili, nyumba ambayo sijaiona kutoka langoni kwetu kwa miaka mingi, kwa sababu miti yako ilikuwa katikati. Ndipo nikaelewa ni kitu gani kilichokosekana.

Sikulia, Baba Wakesho. Watu walinisimulia baadaye kwamba nilitembea kati ya ile miti nikiigusa mmoja mmoja, nikihesabu kwa sauti, nikafika arobaini na moja, nikaanza tena. Mimi nakumbuka harufu tu, ile harufu mbichi ya mti uliopasuka. Na majani. Majani yalikuwa bado ya kijani, hayajapata habari.

Unakumbuka tulivyogombana? Wakesho alikuwa darasa la sita. Ulirudi kutoka Voi na miche kwenye katoni ya sabuni, umeipakata kama mtoto, ukaniambia hiyo robo eka ya chini ni ya mukau, mti wa mbao nzuri. Nikakuuliza, "Na pojo zangu nitapanda wapi? Juu ya paa?" Ukacheka. Ukasema, "Pojo tutakula ziishe. Hii ni ya uzee wetu, Mama Wakesho." Sikukusemesha siku mbili. Siku ya tatu nikakuona unabeba maji tuliyofulia, unainama kwenye kila mche na kikombe, na mgongo wako ule mbovu. Nikachukua ndoo nyingine.  Tulimwagilia hadi mwisho wa mstari.

Na ile tabia yako ya kuipima kwa mikono! Ulikuwa unauzungushia mti viganja viwili uone kama vidole vinakutana. Jumapili moja uliniita kwa kelele nikaacha sufuria motoni, nikidhani umeumwa na nyoka. Kumbe umekumbatia mti wa tatu kutoka kwenye ua, unanionyesha vidole vyako havigusani tena. "Angalia! Umenishinda!" Ugali uliungua siku hiyo, nawe ukaula ulivyo.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo ndilo lililonikalisha hapa.

Unakumbuka waya wako wa nyuki. Ulifunga waya kutoka mlingoti hadi mlingoti, ukatundika mizinga, ukanieleza kwamba ndovu akisukuma waya mizinga inayumba, nyuki wanatoka, naye anageuza njia. Mimi na nyuki hatukupatana tangu waliponiuma kwenye kope, lakini niliwavumilia kwa sababu yako. Ulipotutoka, mwaka uliofuata ukawa wa kiangazi, nyuki wakahama. Mizinga ikabaki mitupu. Nami nilihitaji kitu cha kufungia zizi la mbuzi. Nikaenda kule chini na koleo, nikafungua waya kwenye milingoti mitatu, nikajiambia mizinga haina kitu, waya una kazi gani. Niliona ile nafasi iliyobaki wazi, Baba Wakesho. Niliiona kila siku kwa miaka miwili. Nyayo zao zilipitia hapo hapo, hazikugusa mahali pengine popote.

Majirani walikuja kunipa pole. Wakasema ndovu wa mwaka huu ni wakali. Nami nikaitikia, "Ni wakali sana." Nikawapikia chai. 

Siku ya nne akaja mtu wa makaa kutoka Maungu na pikapu yake. Akazungukazunguka, akapiga teke gogo moja, akasema, "Mama, hapa hakuna mbao. Mti wa unene wa paja unatoa nini? Hizi ni kuni. Nipe nikuondolee, usiwe unaziangalia." Nitakuambia ukweli: nilikuwa nakubali. Nilitaka magogo yaondoke yasinitazame. Nilikuwa nimeshafungua mdomo kusema chukua, Wakesho akatoka ndani.

Hujamwona mtoto wako alivyo sasa. Ana miaka ishirini na moja, anasomea ualimu wa watoto wadogo pale mjini, mrefu kama wewe, na akikasirika sauti haipandi, inashuka. Akamwambia yule mtu kwa heshima kabisa, "Samahani, hatuuzi makaa. Karibu siku nyingine." Kisha akanigeukia. "Mama, nipe mpaka Jumamosi."

Jumamosi akamleta Ndinda. Huyu humjui. Ni mama wa Kikamba, rika langu, ana karakana ya useremala huko Voi, anatengeneza viti na mizinga kwa vipande ambavyo maseremala wengine wanavitupa. Alifika na msumeno mgongoni, hakuketi, hakunywa chai. Aliinama akatazama mvunjiko wa mti mmoja, akalamba kidole chake akaupaka mate. Pale penye mate pakageuka pekundu.

"Nani alitaka kuchoma hii?" akauliza.

Wakesho alikuwa amemsimulia habari za yule mtu wa Maungu. 

Akatufundisha kuyakata magogo mafupi, urefu wa hatua moja, na kupasua palipopinda ili kila kipande kibaki kimenyooka. Akatupa kopo la rangi kuukuu tupake kwenye ncha, kwa sababu mti huanza kupasukia huko unapokauka. Tulifanya kazi hiyo juma zima, mimi na mtoto wako, vidole vikiwa vya rangi ya maziwa. Halafu tukayapakia kwenye pikapu ya kukodi tukayapeleka karakana kwake.

Kuna mashine pale ya kupasulia, msumeno wake ni mwembamba kama mkanda na unazunguka juu na chini. Ndinda alisema hatari ya gogo dogo ni moja: ni mviringo, na kitu cha mviringo hubiringika. Kwa hiyo analilaza juu ya ubao ulionyooka, analikaza kwa skrubu kila mwisho, ndipo anausukuma ule ubao pamoja na gogo lake. Msumeno unatoa ganda la upande mmoja. Anafungua skrubu, analaza upande uliopata ubapa, anapasua wa pili. Baada ya hapo gogo haliwezi kubiringika tena, na mbao zinatoka moja baada ya nyingine kama vipande vya mkate.

Ya kwanza ilipotoka aliishika juu kwenye mwanga wa mlangoni. Baba Wakesho, miaka yote ile sikuwahi kufikiri ndani mna nini. Pembeni palikuwa na rangi ya siagi, na katikati mstari mwekundu wa kahawia, na mawimbi madogo madogo yanayopita humo. Nikaipokea. Ilikuwa ya upana wa kiganja changu tu. Nikashika ukuta.

"Ni ndogo," nilisema, nadhani ili niseme kitu.

"Ni ndogo, ndiyo," Ndinda akasema. "Utaunganisha. Dirisha gani lilitengenezwa kwa ubao mmoja?"

Tulipasua magogo kumi na moja siku hiyo. Kwenye la kumi na mbili Ndinda alitoka nje kuongea na mteja. Wakesho alikuwa ameshazoea, na alikuwa na haraka. Akachukua kigogo kifupi, hakukifunga skrubu, akakisukuma kwa mikono yake mitupu.

Sijui nikuelezeje. Kigogo kiligeuka. Kiligeuka mara moja tu, haraka kuliko jicho, kikavuta mikono yake kuelekea kwenye msumeno, kisha ukasikika mlipuko, na msumeno ukakatika na kupiga kifuniko cha mashine kwa kishindo. Halafu kimya. Mtoto wako amesimama, kiwiko cha sweta kimechanika, ameishika mikono yake mbele ya uso anaitazama kama si yake.

Vidole kumi. Nilivihesabu. Nilivishika kimoja kimoja. Na kutoka kwangu ikatoka sauti ambayo siijui, nikasikia nasema, "Ni mimi! Ni mimi niliyefungua waya! Ni mimi niliyeua miti ya baba yako, na sasa nilitaka kukuua na wewe!"

Nilisema mbele ya Ndinda aliyekuwa amerudi mbio, mbele ya mteja wake, mbele ya mtu aliyekuwa akipita na baiskeli. Nilikuwa nimekaa chini kwenye unga wa mbao.

Wakesho akaketi karibu nami.  Akasema, kwa ile sauti yake inayoshuka, "Najua, mama."

"Unajua nini?"

"Waya uko kwenye zizi la mbuzi. Niliutambua siku ileile tuliyopoteza miti. Ni mimi ninayefungulia mbuzi asubuhi, umesahau?"

 Kwa majuma yale yote alikuwa akinisikia nikiwaambia watu kuhusu ndovu wakali, anawapa sukari, anatazama chini.

"Kwa nini hukuniuliza?"

"Ningekuuliza ungesema nini? Nilikuwa nakungoja." Kisha akalaza kichwa begani kwangu, jinsi alivyokuwa akikulalia wewe. "Mimi pia nilijua waya haupo tangu zamani, mama. Nilipita pale mara ngapi? Sikuurudisha."

Hilo ndilo sijaweza kulimeza hadi leo. Kwamba mtoto alikuwa amebeba mzigo uleule niliobeba mimi, tukilala chumba kimoja, kila mmoja akimficha mwenzake.

Ndinda hakutugombeza. Alimwinua Wakesho, akamkagua mikono, akampa maji. Akaufungua msumeno uliokatika akautundika kwenye msumari ukutani. Kisha akafunga karakana mapema akatusindikiza hadi stendi, na njiani hakuzungumza ila neno moja: "Skrubu." Wakesho akajibu, "Ndiyo, mama."

Tulikaa siku kumi hatujarudi. Nilidhani Wakesho hatataka tena, nami kusema kweli sikutaka. Nilimwambia mbao tulizopata zinatosha, zilizobaki tumwite yule mtu wa Maungu. Akasema, "Kama unaogopa, kaa nyumbani. Mimi naenda." Sasa hayo si maneno yako hayo?

Nikaenda. Nilikuwa nimekaa kwenye benchi karibu na mlango, nimefumba macho kila msumeno unapolia, hadi nikasikia naitwa. Ndinda amelaza gogo kwenye ubao wake, amenipa bisibisi.

"Mama Wakesho, hili kaza wewe. Na usukume wewe."

Nikakataa. Akaendelea kunyoosha ile bisibisi. Nikakaza skrubu mbili, nikazijaribu, nikazikaza tena. Nikaweka viganja vyangu pale aliponionyesha, nyuma, mbali na msumeno.  Nikasukuma. Mtetemo uliingia mikononi hadi mabegani, unga ukaruka, na nilijua ni mti wako ninaoupasua, nilioumwagilia kwa kikombe, niliouchukia kwa ajili ya pojo. Nilisukuma hadi mwisho.

Ndinda akaokota ule ubao, akaufumbia jicho moja kama anayelenga.

"Huu umepinda," akasema.

"Umepinda sana?"

"Sana."

Wakesho akaanza kucheka, nami nikacheka, tukacheka hadi Ndinda akazima mashine akatungoja. Kisha akaniwekea gogo lingine.

Nakuomba msamaha, mume wangu. Nimeuandika kwa kalamu, siwezi kuufuta. Jumatatu tuna magogo ishirini na mawili ya kupasua, nami nimeambiwa nifike saa mbili kamili, nimevaa nguo ya mikono mifupi isiyonaswa na msumeno.

Mkeo,
Mama Wakesho