Mlango Wenye Vibao Viwili

Jumatatu, 4 Machi

Nimemwacha Kijiko kwa wifi tena. Alikuwa analia, mdomo wazi mpaka kimeo kinaonekana, kama anangoja kulishwa – ndiyo maana tunamwita Kijiko. Wifi hakumkumbatia. Alinyoosha mkono mmoja kama mtu anayepokea furushi la jirani. Akasema kaka yake alioa mke, hakumtafutia dada yake kazi ya uyaya. Nikameza. Mtoto ana miezi minane na mimi nina miezi minane ya kumeza.

Leo tumeanza kusafisha jengo jipya la sayansi hapa chuoni, wafagiaji watano. Zuri jamani! Vioo mpaka juu. Ila kila kitu kina jina la mtu. Maabara ina jina. Ngazi zina jina. Meza za darubini, kila moja na kibao chake cha shaba. Nikamuuliza fundi wa vibao, hawa wote walikuwa walimu hapa? Alicheka mpaka skrubu zikamdondoka mdomoni. Walimu wapi, dada! Hawa ndio waliotoa fedha. Ukitoa nyingi unapewa jengo. Ukitoa za wastani unapewa maabara. Ukibana mkono, unapewa sinki.

– Na mimi?

– Wewe unapewa kitambaa.

Mshenzi. Lakini nilicheka.

Akaniambia jingine. Chumba kisichopata jina hakipakwi rangi wala hakitiwi umeme, kinangoja tajiri. Chini, karibu na mlango wa nyuma, namba kumi na mbili ni saruji tupu. Kwenye ramani ya ukutani kimeandikwa: Watoto wa Wafanyakazi. Nilisoma mara tatu, kwa kidole. Watoto wa wafanyakazi – sisi!

Jumatano, 6 Machi

Nimejikaza nikamuuliza yule mama wa ofisi ya wafadhili. Sisi tunamwita Bi Tabasamu. Meno yote nje, macho yamekaa kama ya samaki wa jana. Nilimwamkia vizuri, nikauliza namba kumi na mbili itafunguliwa lini.

Akatabasamu. Kasema, mpenzi, tajiri gani anataka jina lake juu ya nepi? Watu wanataka darubini. Halafu akanyoosha kidole kwenye kioo, akasema pale pana alama ya mkono.

Mkono ulikuwa wake! Nimefuta. Ningeweza kumfuta na yeye.

Jumatatu, 11 Machi

Wifi kanipa hadi mwisho wa mwezi. Baada ya hapo nimchukue mwanangu, nikamweke ninapojua. Nilimkuta Kijiko kwenye beseni kavu uani, peke yake, nepi ile ile ya asubuhi. Mapaja mekundu. Nilimpaka mafuta huku analia na mimi nalia, kisha akanishika pua akacheka. Machozi bado yako shavuni na anacheka! Mtoto huyu hajui kununa. Sijui kamrithi nani.

Baba Kijiko kapiga simu kutoka huko wanakojenga barabara. Anasema vumilia mke wangu, dada yangu ana mdomo tu, moyoni hana neno.

Hana neno kwa sababu hana moyo. Sikumwambia. Nimeandika hapa.

Ijumaa, 15 Machi

Rangi! Namba kumi na mbili imepakwa rangi! Njano, kama kiini cha yai. Soketi za umeme zimewekwa juu, watoto wasizifikie. Kuna sinki fupi, linanifika gotini. Nilifungua maji, nikafunga, nikafungua tena.

Fundi anasema kuna bibi mmoja mshonaji ndiye aliyetoa. Alianza na cherehani moja, leo ana kiwanda. Zamani alikuwa anamfunga mwanawe kwenye mguu wa cherehani kwa kitambaa, asitambae barabarani. Kasema hataki darubini, yeye haoni mbali, anataka chumba cha watoto.

Mungu ampe maisha marefu na macho mapya!

Nimemwambia wifi kwamba karibu ataachana na sisi. Nilidhani atafurahi. Akasema, tutaona. Watu wengine hata ukiwatua mzigo wanakasirika.

Jumanne, 19 Machi

Sijui nianzie wapi.

Nimefika na ndoo yangu. Mlangoni pa kumi na mbili kuna kibao, kinang'aa. Nikasoma kwa kidole. Ghala la Gesi, na jina la bwana mmoja. Nikafungua. Mitungi! Mirefu kama watu, imefungwa kwa minyororo kwenye ukuta wangu wa njano. Sinki fupi limewekewa makopo ya rangi.

Nikadhani fundi kakosea mlango. Akasema hakosei mtu hapa. Akafungua sanduku lake, akanionyesha kibao cha pili: Chumba cha Watoto, kwa hisani ya Bibi Mshonaji. Matundu ya skrubu yanalingana, kavipima mwenyewe. Bwana wa gesi akija, fundi anafunga cha gesi. Bibi akija, anafunga cha watoto. Bwana wa gesi anakuja kila wiki. Bibi atakuja Ijumaa, mara moja, apigwe picha, basi.

– Na huoni vibaya?

– Mimi nalipwa kwa skrubu, dada.

Nilimfuata Bi Tabasamu ofisini na ndoo mkononi. Mitungi itatoka lini? Akasema jengo kubwa, mahitaji mengi, chumba kimoja kinaweza kubeba shukrani mbili. Kasema hivyo hivyo, shukrani mbili! Halafu akauliza nani kaniruhusu kukanyaga zulia na viatu vya maji.

Nilitoka. Nilipiga deki korido yote kwa nguvu mpaka mpini wa mopu ukalegea.

Jumatano, 20 Machi

Bi Tabasamu ameniita. Safari hii na kiti kanipa. Anataka mtoto wa picha. Kasikia wangu ni mzuri. Nimvalishe nguo safi, nisimame mlangoni na bibi, mlango umefungwa. Nikiulizwa, niseme mtoto analala humo kila siku, anafurahi.

Nikasema mama, huko si kusema uongo?

Tabasamu. Kasema mikataba ya wafagiaji inasainiwa upya wiki ijayo.

Kijiko wangu awe pazia la mitungi ya gesi!

Alhamisi, 21 Machi

Nimefua gauni lake la njano. Wifi kaliona kwenye kamba, kauliza tunakwenda harusini. Nikaligeuza upande wa pili likauke.

Ijumaa, 22 Machi

Niko chooni, ghorofa ya chini. Daftari kwenye goti. Kijiko mgongoni, anavuta kitambaa cha kichwa changu.

Ilikuwa hivi. Kibao cha watoto kimefungwa, mlango umefungwa. Viti, maua, wapiga picha. Bibi kaja na fimbo, mfupi, vidole vimepinda kwa kushona. Hakumpa Bi Tabasamu mkono kwanza. Alikuja moja kwa moja kwa Kijiko, akamshika kisigino. Akasema huyu anakula vizuri. Kijiko akampigia kelele ya furaha, mdomo wazi, watu wote wakacheka.

Akaomba afunguliwe, aone ndani. Bi Tabasamu akasema mama yangu, watoto wamelala. Watoto gani! Bibi akanigeukia mimi. Hakumwangalia mwingine. Akasema, mwanangu, wewe ndiye mama, huyu analala wapi akiwa humo? Pembeni au dirishani?

Kumi na mbili haina dirisha.

Bi Tabasamu akajibu kwa niaba yangu, dirishani mama, dirishani. Nikasema Kijiko kajichafua. Nikakimbia. Hajajichafua. Mkavu kabisa.

Nikisema kweli, wiki ijayo sina kazi. Nikinyamaza, wiki ijayo Kijiko hana pa kukaa, na mitungi inalala kwenye rangi yake. Nimepiga hesabu hii mara kumi, haitoki.

Mtu anakuja, anagonga mlango. Si viatu vya Bi Tabasamu. Ni fimbo.

Anaongea kupitia mlango, polepole. Anasema nisiharakishe, hata yeye amelea, anajua. Halafu anasema amezunguka jengo kwa nje, ukuta wote wa nyuma, akitafuta hilo dirisha.

Anangoja. Namsikia anavyohema.

Mbali huko visigino vya Bi Tabasamu vinakuja, haraka haraka, anaita mama, mama, picha!

Kalamu iko mkono wa kulia. Wa kushoto uko kwenye komeo, nafungua –