Baluku Aliyemezwa

Sudi mdogo wangu,

Hamjambo hapo Mwanza? Mafua ya Mama yamepoa? Mimi mzima, ila lori linasubiri hati za mpakani hapa Bwera, na mvua ya milimani haikatiki. Mchana nilijikinga kwenye kibanda cha chakula, nikaagiza samaki na bundu, ule ugali wao wa muhogo. Meza ya pili wanafunzi watatu walikuwa wanabishania vile vitabu vyako vya miungu wa Kigiriki!

Wakonzo, wenyeji wa huku, huwaita watoto wa kiume kwa kufuata mpangilio wa kuzaliwa: wa kwanza Baluku, wa pili Bwambale, wa tatu Masereka. Basi wanafunzi wale na miungu wamewapa majina hayo: wa kuzimu Baluku, wa bahari Bwambale, wa radi Masereka. Mmoja akasema wa radi ndiye ahesabiwe wa kwanza, maana kaka zake walimezwa na baba yao wangali wachanga. Binti mwenye kitabu, kimeshonwa kwa uzi kwa kuchakaa, akaja juu: "Mutoto hata akimezwa, namba yake iko. Hata akikufa! Hakuna mutu anachukua Baluku yake."

Kisha akanigeukia: mimi ni wa ngapi kwetu? Nikajibu wa kwanza, kama tunavyosema siku zote. Kisha nikaweka tonge chini. Nikamwambia ukweli, kwamba alinitangulia kaka yetu Hamisi, akaishi siku tisa.

"Basi wewe iko Bwambale," akasema, akarudi kwenye kitabu.

Mwambie Mama huku Hamisi anahesabiwa. Nawapenda sana, Masereka wangu.

Kaka yako,
Bwambale