Kipimo Kilichosema Jicho Lako ni Safi

Taveta, Juni 1998. Huu ni mwaka wa sita tangu kambi yetu ya vibarua wa kahawa kule Ruiru ibomolewe, nami nikaja huku.

Nyambura mwanangu, uliyepewa jina la mama yangu,

Kaka yako Njoroge amenipigia simu kwenye duka la jirani. Anasema jicho lako la kulia limekuwa jekundu, ulipimwa Thika ukaambiwa hakuna virusi, na sasa umekaa hapo Mugutha na chupa ya matone ambayo hujaifungua.

Usiifungue.

Nalikumbuka jicho la kushoto. Ulikuwa umemaliza tu kujifunza cherehani, ukawa unalalamika kuwa mwanga unakuchoma. Asubuhi ya kwenda kliniki shosho, bibi yako, alichemsha majani ya chai, akayapoza, akakuosha mpaka tongotongo zote zikaisha, kwa sababu kwetu mtu hapeleki uchafu kwa daktari. Pale kliniki nesi alivuta kope lako la chini, akapitisha kijiti chenye pamba.

"Jicho safi hivi mmelileta la nini?" akatania.

"Sisi si watu wa aibu," shosho akajibu. "Hata ng'ombe wetu huoga."

Ulicheka huku machozi yakikutoka. Kipimo chao kipya kilitoa jibu kabla shosho hajamaliza kumsifu ng'ombe wake: hakuna virusi. Tukapewa matone yenye steroidi ya kuondoa wekundu, na kweli ukaondoka. Halafu asubuhi moja ukasimama mlangoni ukaniuliza, "Baba, leo kuna ukungu?"

Jua lilikuwa linawaka, Nyambura.

Daktari wa pili alikutia rangi jichoni, akamulika kwa taa yake, akaona kidonda chenye matawi. Virusi vilikuwepo tangu mwanzo, na yale matone yalivipa nafasi kwa kupunguza kinga ya jicho. Tangu hapo nimesoma kila kitabu cha tiba nilichoweza kuazima. Kipimo cha haraka kikikuta virusi, mara nyingi ni kweli. Kisipokuta, hakijasema jicho ni zima. Huenda pamba haikuokota kitu. Na jicho lililooshwa pamba itaokota nini? Najua hata safari hii uliliosha kabla ya kwenda. Aliyekulea ni shosho yule yule.

Njoroge anasema huendi popote mpaka nije, kwa kuwa ndimi niliyekupeleka kwa yule daktari wa pili. Nilimpigia kelele kwenye simu mpaka mwenye duka akatoka nje. Mwanangu, siwezi tena kutembea hata kufika stendi bila kushikwa mkono. Barua hii nampa dereva wa lori la ndizi, kwa kuwa ya posta itachelewa. Njoroge akusomee, kisha muondoke hapo hapo, msingoje Jumatatu. Nendeni hospitali kubwa. Jicho lisioshwe. Waambie la kushoto lilipoteaje. Omba watie rangi, omba wamulike, na wakikuonyesha karatasi ya kipimo, omba tena. Wakikukasirikia, kaa pale pale kwenye benchi. Nakusihi kwa jina la mama yangu ulilobeba. Huna jicho la tatu.

Na usinisubiri. Sitarudi.

Baba yako