Nimemtuma Baba Mdogo na Jogoo Kuniombea Barua ya Chuo

Shangazi Agnella, shikamoo. Naomba unisaidie, na usinicheke kabla sijamaliza. Nina miaka ishirini na saba, naishi Kibaoni, nina digrii ya baiolojia na kazi yangu ni kukamata mbu kwenye mradi wa utafiti, kazi ninayoiweza na sisemi kwa kujisifu, sasa naomba kusoma uzamili na maombi yanafungwa mwisho wa mwezi lakini kuchagua mada kumenishinda, mwenzangu wa kazini Fidel anasema niandike vinasaba vya mbu kama yeye ndipo nitachukuliwa, nimeandika kurasa mbili na zinanisinzisha mwenyewe, wakati roho yangu iko kwa mama, ambaye kila msimu wa mpunga anahamia shambani ng'ambo ya mto na kulala kwenye dungu la kulindia mpunga miezi mitano, na sasa hivi yuko huko, chandarua amekiacha kabatini eti cha wageni, na mwaka jana malaria nusura imwondoe, nami ninayefundisha watu habari za mbu sijawahi kumuuliza kwa nini. Fidel anasema hayo ni mambo ya wakulima, si sayansi.

Halafu nilihitaji barua ya kunipendekeza kutoka kwa Dokta Maximilian aliyenifundisha, nikaona kumwendea mtu mzima peke yangu, tena mikono mitupu, ni kukosa adabu, nikamtuma baba mdogo Stanislaus na jogoo na mchele, kumbe mke wa dokta akadhani ni mshenga amekuja kumposa binti yao! Dokta alipoelewa akamrudisha na jogoo wake, akasema, "Mwambie aje mwenyewe, na aje na swali." Tangu siku hiyo hata mtaa wake naukwepa. Nifanyeje?

Balbina, Kibaoni

Marahaba, Balbina. Nimekucheka, nisamehe. Umetuma mshenga kwenda kuomba barua! Heshima yako naipenda, ila dokta anataka kuandika habari za kichwa chako, na hicho baba mdogo hakuwa nacho. Wala hakukufukuza, mwanangu. Amekuita, wewe unajificha.

Mada umeshachagua, unaogopa tu kumwambia Fidel. Vinasaba avisome yeye anayevipenda. Mbu unawajua, usichojua ni kwa nini mama mwenye akili zake timamu anaacha chandarua kabatini na kwenda kulala dunguni. Nenda kalisomee hilo, na asikudanganye mtu kwamba si sayansi.

Jumamosi hii panda bodaboda mpaka shambani. Muulize mama, waulize na majirani zake, na tafadhali usimfundishe mtu kitu. Andika wanavyosema. Jumatatu mpelekee dokta ukurasa mmoja, swali likiwa juu kabisa. Mwamkie, omba radhi kwa habari ya jogoo kwa sentensi moja, kisha nyamaza asome.

Jogoo mchinje mle na mama yako. Na hicho chandarua kitoe kabatini uende nacho, ukimaliza kuuliza umfungie mwenyewe. Sisi wageni tutajijua.

Shangazi Agnella